Udongo Uliteremka Mlima, Nami Nikitazama



Mimi ni Bwana Shamba. Siku hizi barua za ofisini zinatuita maafisa ugani, lakini vijijini jina ni lile lile, nami nimelizoea. Nina umri wa miaka 46 na cheti cha kilimo. Kazi hii nimeifanya Mpanda kwa zaidi ya miaka 20. Nilipoanza, Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mwaka 2012 ulianzishwa Mkoa wa Katavi, na makao makuu yake yakawa Mpanda mjini. Mkoa umebadilika, pikipiki yangu imebadilika mara tatu, lakini milima ni ile ile.

Mwezi huu nataka kukusimulia kosa langu. Si kawaida Bwana Shamba kuandika kosa lake gazetini. Lakini kosa hili lilimpotezea mama mmoja udongo wake, na huenda wewe unayelima mteremkoni unalirudia hivi sasa.

Nyanda za juu za Mwese ziko magharibi ya Mpanda, katika Wilaya ya Tanganyika. Ni nchi ya milima na baridi. Maharage yanakubali sana huko. Wanaishi Watongwe, Wabende, Wafipa, Waha, na watu ambao wazazi wao walikuja kutoka Rwanda miaka ya 1960. Mvua huanza Novemba na kuisha Aprili. Ikinyesha, inanyesha kweli. Mpanda mjini unaweza kuona jua, na mlimani watu wamejifungia ndani kwa mvua.

Katika kijiji kimoja cha huko kulikuwa na mama mwenye shamba la ekari mbili. Shamba lenyewe lilikuwa mteremkoni, juu ya kijito. Mama huyu alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima, kama wewe. Alikuwa na daftari. Kila mwaka aliandika humo idadi ya magunia ya mahindi aliyovuna. Kwa hiyo hesabu nitakazokupa hapa si za kukisia. Zimo katika daftari lake.

Mimi nilifika kwake mwaka 2007. Nilikuwa kijana wa miaka 28, nimevaa viatu vipya vya mvua, na nilikuwa najua mambo mengi. Alikuwa anavuna magunia 12 katika ekari zile mbili. Aliweka matuta yake ya mviringo hapa na pale, akafukia majani, akachanganya mahindi na maharage na maboga. Machoni pangu shamba lile lilikuwa vurugu.

Nilimwambia, "Mama, acha mambo haya ya zamani. Panda kwa mistari. Tumia mbolea ya chumvichumvi. Utaona."

Akaniuliza, "Mistari iende wapi, mwanangu?"

Nikamwonyesha kwa mkono, kutoka juu kwenda chini. Kwa nini juu kwenda chini? Nitakuambia kweli. Kwa sababu barabara ilipita bondeni, na mistari ya namna hiyo inaonekana vizuri mtu akisimama barabarani. Nilitaka wageni kutoka wilayani wakipita waone shamba la mfano. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba mteremko hulimwa kwa kuukinga, si kwa kuufuata. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na nikalipata. Nilipofika shambani nikalisahau.

Mwaka 2008 mama alivuna magunia 28. Tulishangilia. Watu walikuja kuangalia. Mwaka 2009 akavuna 25. Mwaka 2010 akavuna 17. Mbolea ilikuwa ile ile, mifuko ile ile, na sehemu yake alikopa. Mimi nikasema ni mvua. Kisha nikasema ni mbegu. Bwana Shamba asiyetaka kuinama kutazama udongo hakosi sababu.

Februari mwaka 2011 mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mtoto alitumwa kuniita. Nilipofika nilimkuta mama amesimama katikati ya shamba. Kila mstari wangu ulikuwa umegeuka mfereji. Katikati lilikuwapo korongo ambalo mtu mzima akiingia lilimfika kiunoni. Mizizi ya mahindi ilikuwa nje, imening'inia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Shamba. Udongo wangu uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Tukashuka naye, tukalifuata korongo hadi chini kwenye kijito. Udongo wake tuliukuta huko. Ulikuwa umelala kando ya maji, mweusi, mzuri, unene wa mkono mzima. Kisima walichokuwa wakichota maji kilikuwa kimefukiwa. Alichukua udongo kiganjani, akautazama, akaurudisha chini. Mwaka ule alivuna magunia 9. Aliuza ng'ombe mmoja kulipa deni la mbolea. Kijana wake wa kwanza alichukua shoka akashuka msituni, kwenye mininga na mitundu, kufungua shamba jipya. Alisema hawezi kulima mawe. Hajarudi kulima kwao hadi leo.

Sasa tuulizane, ndugu msomaji. Je, mbolea ya chumvichumvi ndiyo iliyoharibu shamba lile? Si yenyewe peke yake. Kosa la kwanza lilikuwa mistari yangu. Lakini kuna jambo jingine. Mbolea ya chumvichumvi hulisha mmea. Hailishi udongo. Udongo wenye majani yaliyooza ndani yake hushikamana kama ugali uliosongwa vizuri, na hunywa maji. Tulipoacha kufukia majani, tukachoma mabua kila mwaka ili shamba lionekane safi, udongo ukawa vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa mvua. Tena ile mbolea ya SA tuliyokuwa tunakuzia mahindi, ukiitumia mwaka hata mwaka, huongeza uchachu wa udongo. Udongo wa milimani penye mvua nyingi mara nyingi una uchachu tayari. Tulikuwa tunatia ndimu katika maziwa.

Nilirudi nyumbani nikakaa siku mbili bila kwenda kazini. Siku ya tatu nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kifipa, jirani ya mama yule. Mzee huyu nilikuwa nimemcheka miaka mitatu mfululizo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umekuja kuniambia nini, Bwana Shamba?"

"Leo nimekuja kuuliza."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanipeleka shambani kwake. Mvua ile ile ya Februari ilikuwa imenyesha kwake, na udongo wake ulikuwa mahali pake.

Wafipa wana namna yao ya kulima ambayo huitwa ntumba. Mvua zikikaribia kwisha, mkulima hukata majani marefu akiwa na jembe, huyakusanya, huyafunika kwa udongo, na kufanya tuta la mviringo. Juu yake anaweza kupanda maharage. Ndani ya tuta majani yanaoza. Msimu unaofuata hulibomoa tuta, hutawanya ule udongo uliolishwa, na kupanda mahindi au ulezi. Maji ya mvua hayapati njia ya kukimbia, maana yanagonga tuta hili, yanazunguka, yanagonga lile. Hayo ndiyo niliyoyaita vurugu.

Si Wafipa peke yao. Kule Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, Wamatengo wamelima milima mikali kwa vizazi vingi. Wao hutumia ngoro. Hulaza majani yaliyokatwa kwa mistari inayokatana kama vyumba vya dirisha, huchimba udongo katikati ya kila chumba, na kuyafukia majani yale. Panabaki shimo katikati na tuta pande zote nne. Mazao hupandwa juu ya matuta. Maji huingia shimoni na kukaa humo, na magugu hutupwa humo humo yaoze. Wageni kutoka nchi za mbali wamefunga safari kuja Mbinga kujifunza ngoro. Sisi wa Katavi hatukuwa na haja hata ya kupanda basi. Yetu ilikuwa kwa jirani.

Nikuambie na habari ya Uluguru, Mkoa wa Morogoro. Wakati wa ukoloni Waluguru waliamriwa kuchimba ngazi milimani. Waliamriwa, hawakuulizwa. Katika sehemu nyingi udongo wao wa juu ni mwembamba, na kuchimba ngazi kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 wananchi walisimama kuupinga mpango ule, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuuacha. Nilipokumbuka habari ile niliona haya. Mimi sikuwa na askari, lakini nami niliamuru.

Basi tulianza upya, mama yule, mzee yule na mimi. Nitakueleza tulivyofanya, pamoja na tulipokosea.

Jambo la kwanza lilikuwa kuyasimamisha maji. Tulitengeneza kipimo cha herufi A. Chukua miti miwili iliyonyooka ya urefu wa mita 2. Ifunge pamoja juu, itanue miguu chini, kisha funga mti wa tatu kwa kukingama katikati. Utaona ni A kabisa, ile uliyojifunza kisomoni. Funga kamba pale juu, na mwisho wa kamba funga jiwe. Kamba ikipita alama ya katikati ya mti unaokingama, miguu yote miwili iko sawa, hakuna wa juu wala wa chini. Unapiga mambo hapo miguu ilipo, unageuza mguu mmoja, unasonga mbele. Mambo zote zikishapigwa, zinakuonyesha mstari unaozunguka mlima bila kupanda wala kushuka.

Lakini hiyo alama ya katikati haikisiwi kwa macho. Simamisha kipimo juu ya mambo mbili, tia alama kamba inapopita. Geuza miguu, wa kulia uende kushoto, tia alama tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penyewe. Sisi tulikuwa na haraka, hatukugeuza. Mtaro wetu wa kwanza ukawa na mteremko kidogo upande mmoja. Mvua kubwa ya kwanza maji yote yakakimbilia kona ile, yakapasua, yakaingia katika viazi vya jirani. Jirani alikwenda kwenye baraza. Nilihukumiwa kulipa viazi, na nililipa.

Mara ya pili tuligeuza miguu. Mstari mmoja na mwingine viachane kiasi gani? Simama kwenye mstari wa chini, tazama mbele sawasawa kuelekea mlimani bila kuinua wala kuinamisha kichwa. Pale macho yako yanapogusa ardhi ndipo mstari wa juu upite. Mlima ukiwa mkali, mistari itakaribiana. Katika kila mstari tulichimba mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, na udongo tukautupa upande wa juu. Namna hii huitwa fanya juu. Jina hilo la Kiswahili linatumika hata na wataalamu wa nchi za mbali, na limetoka kwa wakulima wa Machakos, nchini Kenya. Katika miaka ya 1930 watu walisema ardhi ya Machakos imekwisha kabisa. Leo vilima vyake vimejaa ngazi, na wanaokaa juu yake ni wengi kuliko zamani.

Juu ya tuta tulipanda matete. Mizizi yake hushika udongo, majani ni chakula cha mifugo. Mbuzi za kijiji zilijua habari hiyo kabla yetu. Mwaka wa kwanza ziliyamaliza. Ilibidi tupeleke jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Mjadala ulikuwa mkali, maana wenye mbuzi ni wengi na wenye matete tulikuwa watatu. Tulishinda kwa sababu wanawake walisema habari ya kile kisima.

Jambo la pili lilikuwa kuulisha udongo. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi huchoka.

Mboji hufanywa hivi. Chagua mahali penye kivuli. Tandika mabua makavu yaliyokatwakatwa, unene wa shibiri moja. Juu yake weka majani mabichi. Yale maua ya njano yanayoota kando ya barabara, yanayoitwa alizeti pori, majani yake ni mazuri sana kwa kazi hii. Juu yake weka samadi, kisha majivu kidogo na udongo wa juu kidogo. Nyunyiza maji. Rudia tena na tena mpaka lundo likufike kifuani. Lifunike kwa majani ya migomba. Choma kijiti kirefu mpaka katikati. Baada ya siku chache kichomoe, ukishike. Kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa cha baridi na kikavu, ongeza maji. Baada ya wiki tatu lipindue lundo, la juu liende chini. Miezi mitatu ikipita, mboji ni nyeusi na inanukia kama udongo wa msituni.

Sasa tufanye hesabu. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari moja ina mashimo karibu 9,000. Ukitia nusu kilo ya mboji kila shimo, unahitaji kilo 4,500. Hizo ni tani nne na nusu. Kwa ekari mbili ni tani tisa. Nani atazibeba kupanda mlima? Utaniambia akina mama. Ndiyo, ndio wanaobeba, na kila mtaalamu anayesema mbolea ya asili ni ya bure hajawahi kubeba karai kichwani akipanda mteremko. Mama yule aliniambia hivyo hivyo, kwa maneno makali zaidi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyepata njia. Alisema lundo lisifanywe nyumbani. Lifanywe juu kabisa ya shamba, na majani yake yakatwe huko huko. Mboji ikiiva unaishusha. Tangu hapo nimefundisha hivyo kila kijiji, na mara nyingi nimesahau kusema ni yeye aliyenifundisha. Leo nimesema.

Na sehemu ambayo mboji haikufika tulipanda marejea. Huu ni mmea wa jamii ya kunde. Mizizi yake ina vinundu vinavyochukua rutuba kutoka hewani na kuiweka ardhini. Wamisionari Wabenediktini wa Peramiho, karibu na Songea, waliueneza sana mmea huu kwa wakulima. Unaumwaga mwanzoni mwa mvua, unaota haraka na kuyafunika magugu, na unapoanza kutoa maua unaukata na kuufukia. Hubebi kitu kichwani. Mbolea imeota hapo hapo.

Lakini shamba lenye marejea halina chakula mwaka huo. Mama alitoa nusu ekari, na ndugu za mumewe walikuja juu. Walisema, "Bwana Shamba kwanza alikupa korongo, sasa anakupa majani." Ulikuwa mwaka mgumu kwake, naye alinunua mahindi miezi miwili. Kama ningekuwa namshauri leo, ningesema aanze na robo ekari, au apande mbaazi katikati ya mahindi apate kula na majani yaanguke. Nawe nakushauri hivyo.

Magunia yalirudi polepole. Mwaka 2012 alivuna 10. Mwaka 2013 alivuna 11. Mwaka 2014 alivuna 15. Tangu mwaka 2016 amekuwa akivuna kati ya 17 na 20, pamoja na maharage ambayo sikuyahesabu. Yale magunia 28 hayajarudi. Sitaki kukudanganya kwamba yamerudi. Lakini yale 28 yalikuwa ya mwaka mmoja, tena kwa deni. Haya ni ya kila mwaka, na hadaiwi na mtu.

Mwaka 2017 lilimpata jaribu jingine. Viwavijeshi vamizi, wadudu ambao asili yao ni bara la Amerika, waliingia nchini mwetu, na hata mlimani kwetu walifika. Waliingia katika moyo wa muhindi na kuutafuna. Wengi walikimbilia dawa za kupuliza, nyingine hata karatasi ya maelezo hazikuwa nayo. Mama yule alipita shambani kila baada ya siku tatu, asubuhi mapema, akayasaga mayai kwa vidole na kutia majivu katika moyo wa mmea. Alipoteza mahindi, nisifiche. Hakupoteza nyuki. Ana mizinga sita nyuma ya shamba, na asali ya Katavi ni fedha. Waliopuliza mahindi wakati wa maua, baadhi yao waliikuta mizinga kimya.

Lakini usifikiri kila dawa ya miti ni salama kwa sababu ni miti. Majani ya utupa yaliyotwangwa huua wadudu, na huua samaki pia. Ndiyo maana wazee waliyatumia kuvulia. Usioshee chombo chake kijitoni.

Kisha ukaja mwaka 2022. Bei ya mbolea za viwandani ilipanda dunia nzima. Hapa mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 100,000, mpaka Serikali ilipotoa ruzuku msimu wa 2022/2023. Kabla ya ruzuku nilipita kwa wakulima wangu nikakuta nyuso zimekunjamana. Kwa mama nilikuta anapindua lundo.

Msomaji asinielewe vibaya. Mimi si adui wa mbolea ya chumvichumvi, na mkulima wa bondeni mwenye ardhi tambarare na fedha mkononi nitamwonyesha namna ya kuitumia. Wengi wanachanganya, mboji na kidogo cha dukani, nao wanavuna vizuri. Lakini ukitaka kuuza mazao yako kwa jina la kilimo hai, lazima uache zote, pamoja na dawa za viwandani, na ukaguliwe. Nchi za Afrika Mashariki zina viwango vyake vya kilimo hai tangu mwaka 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai. Gharama za ukaguzi ni nzito kwa mtu mmoja. Kikundi kinaweza. Mwaka 2023 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo hai, kwa hiyo muulize Bwana Shamba wako. Ukiona ardhi yako ina upungufu wa fosforasi, vumbi la mawe la Minjingu, kutoka Mkoa wa Manyara, linaruhusiwa katika kilimo hicho, nalo hufanya kazi vizuri penye uchachu.

Na maji je? Mto Katuma unatoka katika milima ya upande wetu. Ndio unaonywesha mashamba ya mpunga ya bondeni, kisha unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi hadi Ziwa Katavi na Chada, na kuelekea Ziwa Rukwa. Ukienda hifadhini mwezi wa Oktoba utaona viboko kwa mamia wamebanana katika tope. Wanaolima na kumwagilia kando ya mto wana sehemu yao katika jambo hilo, nasi wa juu tunaoacha milima uchi tuna sehemu yetu. Mlima wenye majani hunywa maji ya Januari na kuyatoa kidogo kidogo mpaka Septemba. Mlima uchi huyatoa yote Januari, pamoja na udongo. Ndiyo sababu Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima na kujenga ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji. Shamba la mama tulilipima kwa kamba. Mistari yake miwili ya chini ilikuwa ndani ya mita hizo. Aliiacha, na miti inaota yenyewe. Kisima chao kilizibuliwa mwaka 2015.

Tena siku hizi msitu uliosimama una bei. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, katika milima ya Ntakata, hupata fedha za hewa ukaa kwa kutunza misitu yao, nazo hutumika katika kazi za kijiji kama kujenga zahanati na madarasa. Kijana wa mama yule alisikia habari hiyo huko aliko na kuuliza kama kuna nafasi ya kulinda msitu. Mwenye shoka anataka kuwa mlinzi. Nilicheka, lakini nimempelekea jibu.

Mwezi wa Mei uliopita nilipanda kwenda kumsalimu mama. Sasa ni bibi. Magunia yalikuwa 19. Alinikaribisha maharage na ugali, kisha akaleta lile daftari, limechakaa, limeshonwa kwa uzi. Nikalisoma ukurasa kwa ukurasa. Amechora safu tatu. Ya kwanza mwaka, ya pili magunia, ya tatu sababu. Mwaka 2014 ameandika "marejea". Mwaka 2017 ameandika "viwavi". Mwaka 2011, palipo na magunia 9, katika safu ya sababu ameandika maneno mawili tu, "Bwana Shamba".

Nilimwomba afute. Amekataa.